Galaxy A25, Redmi Note 13 au Infinix Note 40: ipi inalipa kwa laki sita na nusu?

Keko_Juu:

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa kuchagua simu ya kati, bajeti haivuki 650,000. Kariakoo, maduka ya Mtaa wa Aggrey, nimetajiwa bei hizi, zote mpya ndani ya boksi:

Samsung Galaxy A25 5G, 6/128 (yaani RAM 6GB, hifadhi 128GB): 640,000
Infinix Note 40 ya 4G, 8/256: 570,000
Redmi Note 13 ya 4G, 8/256: 530,000

Matumizi ni kupiga picha za viatu na mikoba kwa ajili ya Instagram na WhatsApp, mara nyingi ndani ya duka lenye taa hafifu. Laini mbili muda wote, moja ya M-Pesa na nyingine ya bando. Jioni nawashia laptopu hotspoti. Gemu sichezi. Nataka ikae miaka minne bila kunisumbua.

Kinachonichanganya ni hiki: Redmi na Infinix zimeandikwa 108MP, Samsung 50MP. Infinix imeandikwa RAM 16GB, Samsung 6GB. Sasa mbona yenye namba ndogo ndiyo ghali? Natanguliza shukrani.

Soldaringi:

Mkuu, namba za kwenye boksi ni za kuuzia. Hiyo RAM 16GB ni 8 halisi, na 8 nyingine imekopwa kwenye hifadhi. Simu ikizidiwa, huhamishia hapo programu ambazo hujazigusa kwa muda. Tatizo ni kasi: hifadhi ya UFS 2.2 husoma karibu gigabaiti 1 kwa sekunde, wakati RAM ya LPDDR4X inakwenda zaidi ya mara kumi ya hapo. Faida yake ni kiduchu na inakula nafasi ya picha zako. Samsung nayo inayo, inaiita RAM Plus, ila haikuijumlisha kwenye boksi. Kwenye simu yoyote kati ya hizo unaweza kuizima.

Pamoja na hayo tusidanganyane: 6GB halisi ya hiyo A25 ni ndogo kwa mtu anayetaka miaka minne. Uliza kama wana ya 8/256. Ipo, na kama tofauti ya bei si kubwa ndiyo ya kuichukua.

Kamera. Sensa ya 108MP huunganisha nukta tisa kuwa moja, picha inatoka na megapikseli 12. Ya 50MP huunganisha nne kuwa moja, inatoka na 12.5. Yaani picha unayoipandisha Instagram ina ukubwa uleule, na Instagram yenyewe itaipunguza tena. Ukilazimisha hali ya 108MP ndani ya duka lenye mwanga mdogo utapata faili kubwa lenye chengachenga nyingi.

Kinacholeta tofauti dukani kwako ni kitulizaji cha lenzi, OIS. A25 inacho, Redmi Note 13 ya 4G haina. Mwanga ukipungua shata hukaa wazi muda mrefu, sekunde 1/15 au hata 1/10, na hapo mkono ukitikisika kidogo tu mshono wa kiatu unafutika. OIS husogeza lenzi kinyume na mtikisiko, mshono unabaki. A25 na Redmi zina lenzi pana ya 8MP. Infinix haina lenzi pana, na ile ya 2MP iliyopo pembeni ni pambo tu, kama ilivyo ya 2MP kwenye hizo nyingine mbili.

Video nazo zinategemea chipu. Snapdragon 685 ya Redmi inaishia 1080p. Helio G99 Ultimate ya Infinix inaishia 2K kwa fremu 30. Exynos 1280 ya A25 inafika 4K kwa fremu 30.

Bendi28:

Soldaringi kamaliza kamera, mimi niongezee muda wa kuishi na mtandao, maana mkuu kasema miaka minne.

Ahadi za masasisho huhesabiwa tangu simu ilipozinduliwa. Tarehe uliyoinunua wewe haihesabiki. A25 ilizinduliwa Desemba 2023 ikiwa na Android 14, Samsung ikaahidi matoleo manne ya Android na miaka mitano ya viraka vya usalama. Kwa hiyo inafika Android 18, na viraka hadi mwisho wa 2028. Familia ya Note 40 ilitoka Machi 2024 na Android 14, ahadi ni matoleo mawili na miaka mitatu ya viraka, hesabu inaishia Machi 2027. Redmi Note 13 ilitoka Januari 2024 ikiwa na Android 13 wakati Android 14 ilikwisha toka Oktoba 2023, yaani toleo la kwanza la masasisho lilitumika kuziba pengo.

Hiyo ndiyo sehemu ya jibu la "mbona yenye namba ndogo ni ghali". Lakini msiikuze kupita kiasi. Viraka vikiisha simu haizimi, na programu za benki hukubali Android za zamani kwa miaka mingi. Hatari inaongezeka taratibu, hasa kwa mtu anayesakinisha faili za APK za kuokota mitandaoni. Kwa simu inayobeba M-Pesa ya biashara, mimi hiyo miaka ya ziada naipa uzito.

5G: kati ya tatu hizo ni A25 tu yenye nayo. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipiga mnada masafa ya 700, 2300, 2600 na 3500 MHz Oktoba 2022, na 5G ya hapa ipo zaidi mijini. Simu kuandikwa 5G hakutoshi. Tazama kwenye orodha ya bendi kama kuna n78, ambayo ndiyo 3500, na pia n40 na n41. Kwa 4G, usikubali simu isiyo na bendi 20 na bendi 28, yaani 800 na 700 MHz. Masafa ya chini ndiyo yanayopenya kuta na kufika mbali. Simu zilizotengenezwa kwa ajili ya kampuni za simu za Marekani mara nyingine hukosa mojawapo, na ukiwa chumba cha ndani unabaki na H+ (yaani 3G) wakati mwenzako pembeni ana 4G.

Jambo dogo linalosahaulika: A25 na Redmi zote kitrei chake ni laini mbili, au laini moja na memori kadi. Wewe unatumia laini mbili, basi kadi haiingii. Ukichukua A25, hiyo 128GB ndiyo yako yote, na mfumo wenyewe unachukua sehemu. Kwa mtu wa picha na video za 4K hilo ni pigo. Dakika moja ya 4K hula takriban megabaiti 350.

Mchumi_wa_Manzese:

Naona mmeshampeleka mkuu kwenye A25. Nipinge kidogo.

Anachopiga ni viatu, na viatu havikimbii. OIS inasaidia mkono unaotikisika, sasa mtu akiweka simu kwenye stendi mkono unatoka wapi? Tofauti ya bei kati ya A25 na Redmi ni 110,000. Hela hiyo inanunua stendi, taa ya LED yenye kitambaa cha kulainisha mwanga, na karatasi kubwa nyeupe ya manila ya kuweka nyuma ya bidhaa, na chenji inabaki. Redmi Note 13 kwenye stendi, taa upande mmoja kwa pembe ya digrii 45, manila upande wa pili kurudisha mwanga, kipima muda cha sekunde 3 ili usiiguse simu shata inapofunguka: picha hiyo itaipita ya A25 iliyoshikwa mkononi chini ya balbu ya dari. Tena bado una 256GB badala ya 128.

Na kama picha au video zinatoka na mistari myeusi inayotembea, msilaumu simu. Umeme wetu ni wa 50Hz, na balbu za LED za bei rahisi huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Kama hali ya Pro ya simu inaruhusu kuchagua shata, weka 1/50 au 1/100, mistari inapotea. Ukiacha 1/60 au 1/125 itaendelea kukutesa.

Mengine ambayo hayakusemwa kuhusu A25: haina kipimo chochote cha IP cha kuzuia maji na vumbi, wakati Redmi ina IP54, ambayo angalau ni mvua nyepesi na vumbi la barabarani. Chaji yake inaishia wati 25, Redmi 33, Infinix 45. Na boksi la A25 kwa kawaida lina waya tu, kichwa cha chaji unajinunulia. Hiyo iingizeni kwenye bei kabla ya kulinganisha.

Soldaringi:

Mchumi, kwenye picha za stendi sikupingi, hoja yako imesimama. Ila akianza kurekodi video huku akizunguka kiatu kwa mkono, OIS inarudi kazini, na video fupi ndizo zinazouza siku hizi.

Mimi naleta jambo jingine ambalo kwenye boksi halipo kabisa: kioo kikivunjika. Simu zote tatu zina kioo cha AMOLED, na AMOLED halisi ya simu ya kati inaweza kufika theluthi ya bei ya simu au zaidi. Ndiyo maana mitaani vimejaa vioo mbadala vya TFT na INCELL kwa bei ya chini. Sasa angalieni kihisi cha alama ya kidole kiko wapi. Redmi Note 13 na Infinix Note 40 zinacho chini ya kioo, na kinasoma kwa mwanga unaopenya katikati ya nukta za AMOLED. Kioo cha INCELL kina taa yake ya nyuma na tabaka zisizopitisha mwanga huo. Fundi akikuwekea, picha inaonekana vizuri, tachi inakubali, lakini alama ya kidole imekufa, na hakuna mpangilio wa kuifufua. A25 ina kihisi pembeni, kwenye kitufe cha kuwashia. Weka kioo chochote, kidole kinaendelea kusoma.

Kutambua kioo mbadala ni rahisi. Fungua picha nyeusi tupu ukiwa gizani, pandisha mwanga hadi mwisho. AMOLED inazima nukta, kioo kinakuwa kama kimezimwa. INCELL inabaki na ukijivu unaowaka, hasa pembezoni. Ukingo wa chini nao huwa mnene kuliko wa awali.

Na ukiweka protekta nene ya kioo kwenye simu yenye kihisi cha chini, futa alama ulizosajili halafu sajili upya ukiwa umeshaibandika. Wengi wanabandika, kidole kinagoma, wanarudi dukani kudai simu mbovu.

Keko_Juu:

Nashukuru sana, nimepata mwanga. Maswali mawili zaidi. Kwanza, kuna jamaa ana Galaxy S21 iliyotumika, inayosemekana imetoka Dubai, bei iko ndani ya bajeti yangu. Ni bora kuliko hizi mpya? Pili, nikifika dukani nakaguaje nisiuziwe kanyaboya?

Bendi28:

S21 kwa kamera na chipu inazipita zote tatu, hilo halina ubishi. Ina kinga ya maji na vumbi ya IP68 pia. Lakini ilizinduliwa Januari 2021, na ahadi yake ya viraka ilikuwa miaka mitano, hesabu ile ile ya tangu uzinduzi. Betri ni 4000mAh ilipokuwa mpya, na lithiamu hupungua kwa mizunguko na kwa joto. Kwa mtu wa hotspoti kila jioni utakuwa unatembea na pawabenki. Tena haina nafasi ya memori kadi kabisa. Ukiipenda, weka pembeni hela ya betri mpya tangu siku ya kwanza, na ujue kwamba simu iliyofunguliwa gundi yake haina tena IP68 hata kama fundi kaifunga vizuri.

Kioo chake kitazame kwa mandharinyuma meupe na ya kijivu: kivuli cha kibodi au alama za juu kilichobaki kimechoreka, na mstari wima wa kijani au waridi. Mstari ukishaanza hauondoki bila kubadili kioo.

Kwa matumizi uliyoyataja na miaka minne uliyoitaka, mimi singeichukua.

Kaka_Waranti:

Nijibu la ukaguzi, kwa mpangilio ninaoshauri ufuate pale kaunta, kabla hela haijatoka mfukoni.

Piga *#06# upate IMEI mbili, yaani namba za utambulisho wa simu. Zilinganishe na stika ya boksi, tarakimu kwa tarakimu, kisha tuma IMEI kwa meseji kwenda 15090. Jibu linarudi na aina ya simu. Likikuambia modeli tofauti na uliyoshika, ondoka. TCRA ilizima simu bandia Juni 2016, na IMEI iliyonakiliwa kutoka simu nyingine bado inaweza kukuletea balaa siku ikifungiwa.

Weka laini zako mbili, siyo ya muuzaji. Piga simu, pokea, washa data kwenye kila laini. Kwa Samsung soma stika ya boksi: baadhi ya simu za nje ya ukanda wetu zina maandishi kwamba ni kwa matumizi ya nchi fulani tu, na hizo hudai kwanza laini ya huko zifunguke.

Kwa Samsung piga *#0*#. Inafunguka menyu ya majaribio: rangi nyekundu, kijani na bluu za kutafutia nukta zilizokufa, jaribio la tachi ambalo unapaka kioo chote kidole mpaka miraba yote ibadilike rangi, spika, mtetemo na vihisi. Kwa Redmi ni *#*#6484#*#*. Infinix haina msimbo ninaoweza kukuhakikishia kwa kila modeli, tumia programu ya Carlcare iliyomo humo.

Redmi ina mtego wake. Simu ya soko la China hupachikwa mfumo unaofanana na wa kimataifa. Ingia Mipangilio, Kuhusu simu, soma namba ya toleo la mfumo. Ya kimataifa ina herufi MIXM mwishoni, ya Ulaya EUXM, ya China CNXM. Halafu fungua Play Store, mipangilio, Kuhusu, uone kama kifaa kimethibitishwa na Play Protect. Kisipothibitishwa, programu za benki zinaweza kugoma siku yoyote, na sasisho moja likiingia vibaya simu haiwaki.

Sasa kubwa kuliko yote: simu za mkopo. Siku hizi simu nyingi zinatoka kwa malipo ya kila siku, na ndani yake kuna kufuli la mkopeshaji. Mtu anachukua, analipa kianzio, anaiuza ikiwa safi kama mpya. Wiki ya pili inajifunga nawe ndiye uliyeishika. Kuirudisha ilivyotoka kiwandani hakuondoi kufuli hilo, na hapo ndipo pa kulikamatia. Mwambie muuzaji aifute mbele yako, iunganishe na intaneti wakati wa kuianzisha upya. Ikileta maandishi kwamba kifaa kinasimamiwa na kampuni fulani, au ikadai akaunti ya Google ya mtu mwingine, rudisha. Usikubali kuruka hatua ya intaneti, maana bila intaneti kufuli halijitokezi.

Mwisho dai risiti ya EFD yenye IMEI imeandikwa. Uliza waranti ni ya nani. Ya mtengenezaji kwa kawaida ni angalau miezi 12 na ina kituo cha huduma. "Waranti ya duka" mara nyingi ni siku chache za kubadilishiwa, na haigusi kioo wala maji.

Mchumi_wa_Manzese:

Akichukua Redmi, afanye mambo matatu siku ya kwanza. Programu za WhatsApp, benki na M-Pesa aziruhusu kujiwasha zenyewe, na kwenye betri azichagulie zisiwekewe kikomo, la sivyo meseji za wateja zitaingia pale tu atakapofungua simu. Matangazo: kwenye nywila na usalama kuna sehemu ya kubatilisha ruhusa, aondoe ruhusa ya kitu kinachoitwa msa. Itamsubirisha sekunde kumi, na mara nyingine itakataa mpaka ajaribu tena. La tatu, kama simu inashuka hadi 3G kila akipigiwa, ajaribu kupiga *#*#86583#*#* ili swichi ya VoLTE (kupiga simu kupitia 4G) itokee kwenye mipangilio ya laini. Kama mtandao wake unaikubali, data itaendelea huku anaongea.

Soldaringi:

Na akichukua A25, kichwa cha chaji asinunue cha "25W" cha elfu tano. Wati 25 za Samsung zinataka mfumo wa kuchaji wa USB PD yenye PPS, yaani inayorekebisha volti hatua kwa hatua. Kwenye maandishi madogo ya kichwa lazima uone PPS 3.3-11V, 2.25A, na waya uwe Type-C pande zote mbili. Kisipokuwa na PPS simu inashuka hadi wati 15 au chini. Kipimo ni kioo chenyewe: ukichomeka inaandika Super fast charging. Ikiandika Fast charging tu, umepigwa, au waya ndiyo mbovu. Jaribu na waya mwingine kabla ya kugombana na muuzaji.

Hotspoti uiweke kwenye 5GHz kama laptopu inaikubali, na ukiwa unachaji huku unarusha intaneti vua kava. Joto la Dar pamoja na la chaji ndilo linalomaliza betri mapema, iwe ya Samsung, Redmi au Infinix.

Keko_Juu:

Nimeelewa wakuu. Jumamosi naulizia kwanza A25 ya 8/256. Ikizidi 650,000 pamoja na kichwa cha chaji, nachukua Redmi na taa.